Mui Si Mbali na Lamu



Kila tukitaja makaa ya mawe ya Kitui au mchanga wa Makueni, hakosi mtu wa kusema: "Hayo ni mambo ya Ukambani, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kwanza, Waislamu wako huko pia. Pili, kile kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kilichopangiwa Lamu kilitarajiwa baadaye kutumia makaa ya bonde la Mui, Kitui. Watu wa Lamu walisimama, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake. Sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Siku hizi kampuni zinabanwa zieleze zinavyotendea mazingira, jamii na wafanyakazi. Mwaka 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti hizo kwa kampuni zilizoorodheshwa. Ni hatua nzuri. Lakini hebu tujiulize, nani anazisoma? Mwekezaji. Mama wa Mui, anayeishi na wasiwasi wa kuhamishwa tangu mkataba wa uchimbaji wa 2013, hazimfikii. Na lori linalozoa mchanga usiku kwenye mto wa Makueni halimo katika soko la hisa.

Wanaolindwa na sheria ni wale wanaoitumia. Na sheria tunazo. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale pale. Mchimbaji mkubwa lazima awekeane mkataba wa maendeleo na jamii hiyo. Makueni nao walitunga sheria yao ya mchanga mwaka 2015, kwa sababu mchanga wa mtoni ndio unaohifadhi maji. Ukiuzoa wote, visima vinakauka. Na Katiba, kifungu cha 70, inakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine amedhurika.

Shida iko wapi, basi? Kikao cha maoni kinatangazwa, sisi tuko kwenye simu. Wanakuja watu kumi, wanatia sahihi ya mahudhurio, wanapewa soda, halafu inaandikwa kwamba umma umeshirikishwa. Hapo tumejinyima wenyewe.

Dini yetu inatufunza kwamba ardhi na maji ni amana, na kwamba kuamrisha mema na kukataza mabaya hakuishii mlango wa msikiti. Dhuluma ya mradi ni dhuluma, awe anayedhulumiwa ni Mwislamu au si Mwislamu.

Kwa hivyo kikao kikitangazwa kwenu, nenda. Uliza ripoti ya athari za mazingira iko wapi, na uisome. Toa maoni yako kwa maandishi, na ubaki na nakala. Lamu walishinda kwa sababu walikuwa na la kuonyesha. Mui na Makueni wanahitaji hivyo hivyo, na wanatuhitaji sisi.

Wabillahi tawfiq.