Moshi wa jikoni: Dawa yake imelala zizini

Ukiingia katika jiko la kuni wakati wa kupika chakula cha jioni, utamkuta mama akipuliza moto huku machozi yakimtiririka, na mtoto aliye mgongoni akikohoa. Tumeizoea hali hii hata tukaiona kuwa sehemu ya mapishi.

Lakini moshi huo ni sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika mwaka wa 2020 uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Huwaletea watoto nimonia, na watu wazima maradhi ya moyo, kiharusi na ugonjwa sugu wa mapafu.

La kusikitisha ni kwamba familia nyingi zinazoteswa na moshi zina dawa yake zizini. Ng'ombe wawili wanaolishwa bandani hutoa kinyesi cha kutosha kuendesha mtambo mdogo wa gesi. Kinyesi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, kisha humiminwa katika tangi lililozibwa hewa isiingie. Humo, viini visivyohitaji hewa hukichachusha na kutoa gesi, ambayo zaidi ya nusu yake kwa kawaida ni methani. Gesi hupitia kwenye mpira hadi jikoni na kuwaka kwa mwali wa buluu usio na masizi. Tope linalobaki ni mbolea nzuri kwa mahindi, migomba na nyasi za mifugo.

Ufundi huu si mgeni hapa Kenya. Mtambo wa aina hii ulijengwa katika shamba la kahawa mwaka wa 1957, na mnamo 2009 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kuwasaidia wakulima kuijenga. Mbona basi mafiga yangali yanafuka?

Kwa maoni yangu, sababu moja kubwa ni kwamba anayekohoa siye anayeshika mfuko. Kuni huonekana kuwa za bure kwa kuwa anayezibeba halipwi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mtambo huu wataka maji, kulishwa kila siku na fundi anayeijua kazi yake. Na iwapo choo cha watu kimeunganishwa nao, tope lake lisitiwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, kwani mayai ya minyoo yaweza kubaki hai humo.

Vyama vya ushirika vya maziwa vyaweza kumjengea mwanachama mtambo, kisha vikate deni kidogo kidogo katika malipo yake ya kila mwezi. Serikali za kaunti nazo ziwafunze vijana kazi hiyo katika vyuo vya ufundi.

Nao akina baba, kabla ya kununua ng'ombe wa tatu, waingie jikoni wakae humo hadi ugali uive. Watakapotoka wakifikicha macho, hawatahitaji kuhubiriwa zaidi.