Kutoka Mangweni Hadi Barabarani
Mwaka 2010 Kenya ilitunga sheria ya vileo: asiyetimiza miaka 18 asiuziwe. Lakini huku kwetu Sabaki mnazi hugemwa alfajiri, na jioni uko mangweni, hauulizi umri wa mtu. Zamani wazee wa Kigiriama waliunywa kwa mpango, wakarejea makwao kwa miguu. Aliyelewa aliangukia mchangani. Leo kijana atoka disko matanga usiku, ampakia mwenzake kwenye pikipiki, ashika lami kuelekea daraja la Sabaki. Huko hakuna mchanga wa kumpokea. Mimi nililelewa chuoni, nikafunzwa kuwa ulevi ni haramu. Wala simlaumu mgema, mnazi ndio karo ya mwanawe. Nasema hivi: aliyekunywa asiendeshe, na wenye matanga wasikubali watoto wauziwe. Kuzika mmoja kwatosha.