Nilicheka Msibani

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kiloleli, Simiyu. Kwenye msiba nikamwona mama mmoja, jirani yetu, amekaa peke yake mbali na mikeka ya wenzake. Nikamuuliza binamu yangu kulikoni. Akaninong'oneza, "Huyo? Anavuja." Tukacheka. Naandika haya kwa sababu nilicheka.

Jioni mama akanisimulia. Alipokuwa kwa mumewe, yule mama alishikwa uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akafa. Tangu hapo mkojo unamtoka mchana na usiku. Mume akamrudisha kwao. Watu wanasema karogwa.

Hajarogwa. Dalili zote ni za fistula. Uchungu ukipitiliza bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama kati ya kibofu na uke hadi damu isifike. Nyama inakufa, tundu linabaki, mkojo unapita humo. Mara nyingi tundu hilo hushonwa likaziba. Bugando, Mwanza, wanaifanya kazi hiyo. CCBRT, Dar es Salaam, wametibu fistula bure kwa miaka, na walifika hadi kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa.

Si kila anayevuja ana fistula. Kuna anayevuja akikohoa au akijitwika ndoo. Misuli ya nyonga imelegea, na mazoezi ya kuibana kila siku, kwa miezi kadhaa, humsaidia. Mwingine hubanwa ghafla asifike chooni. Huenda ni UTI, kisukari au kibofu chenyewe. Wanaume pia yanawakuta, hasa wenye matatizo ya tezi dume. Kwa hiyo kwanza mtu apimwe.

Sasa tuje kwetu wasomi. Humu hosteli "kikojozi" ni utani wa kila siku. Tunasema kinachowakwamisha akina mama ni umbali na umaskini. Sawa, ni kweli. Lakini nauli huchangwa, kama tunavyochangia harusi. Nani atachangisha nauli ya ugonjwa usiotajwa?

Ukienda likizo, usihutubie watu. Mkae pembeni na mama au shangazi, umuulize, "Hapa kwetu kuna anayeteseka na mkojo?" Atakuwa anamjua. Mfikishieni habari kwamba unatibika.

Mimi nilimtuma mama kwa yule jirani. Akarudi na swali moja: "Na hao madaktari, hawatanicheka?"