MGONJWA AULIZWE!

Wazee wetu walituachia mithali nyingi zenye akili. Lakini moja yatumiwa vibaya siku hizi, nayo ni hii: «Mgonjwa haulizwi uji.» Wazee walitaka kusema: usimfanye mgonjwa aombe-ombe, uji upikwe, uletwe upesi. Ni neno la upendo. Leo watu wamelipindua. Wasema: mgonjwa asiulizwe neno lo lote. Alale, ameze, anyamaze. Mimi nasema: hapana! Mgonjwa anayetunzwa nyumbani aulizwe. Tena, akisha kuulizwa, ajibu kama mtu mwenye wajibu. Haya mawili hayaachani.

Tuangalie mambo yalivyo. Hapa Kongo wagonjwa wengi hawalali hospitali. Mzee aliyepooza upande mmoja, mama mwenye kansa, kijana mwenye kifua kikuu, wote wamo nyumbani. Nani anawatunza? Mke, binti, mkwe, jirani. Mtu wa kujitolea anayepita mtaani kwa kazi ya afya. Mwuguzi anayelipwa aje kupiga sindano au kutundika serumu. Hospitali ina mkubwa wake na kitabu chake. Nyumbani, mlango ukifungwa, nani ataona? Ndiyo sababu haki na wajibu vijulikane hasa huko.

Wako watakaonijibu: «Sisi ndio tunaolipa. Tena mgonjwa hajui dawa.» Neno hili lina makosa mawili. La kwanza: fedha hainunui mtu. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 11, yasema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Na kifungu cha 29 chalinda nyumba ya kila mtu. Hapakuandikwa: «isipokuwa mgonjwa.»

La pili: ni kweli hajui dawa, lakini anajua maumivu. Tazameni jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, ili wagonjwa wa kansa watulizwe maumivu majumbani kwao kwa mofini ya kunywa. Na tangu 2004 serikali ya nchi ile imewaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waandike dawa hiyo. Je, mwuguzi anajuaje kipimo? Humwuliza mgonjwa: Panauma wapi? Panauma namna gani? Usiku ulilala? Dawa hunywewa kila baada ya saa nne, na kipimo huongezwa polepole kwa kufuata jibu lake. Basi mgonjwa asiyeulizwa atakaa na maumivu yake, hata kama dawa imo ndani ya chupa kando ya kitanda.

Haki zake ni zipi? Aambiwe jina la dawa, kazi yake na bei yake kabla ya sindano, si baadaye. Aulizwe kabla ya kuvuliwa nguo. Na mlango ufungwe anapooshwa, hata akiwa bibi wa miaka 80. Aweze kukataa, na kulalamika bila kunyimwa chakula. Asipigwe, asifungwe kamba, asiitwe mchawi. Na siri yake itunzwe. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008, iliyowekwa kwa kuwalinda watu wenye virusi vya sida, yaagiza siri hiyo isitangazwe. Lakini twaona nini? Mtunzaji atoka ndani, afika kisimani, asimulia. Gari lenye maandishi makubwa lasimama mbele ya lupango, na mtaa mzima wajua. Anayesema kwamba hilo ni kosa dogo, aende kesho yake sokoni, akauze maandazi ya mama yule, aone kama atapata mnunuzi.

Mwingine atauliza: «Na yule asiyeweza kusema?» Aliyepooza kinywa aweza kufumba macho au kukaza mkono. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu huonyesha kwa uso wake jambo asilolipenda. Na wewe uliye mzima leo, mteue mbele ya jamaa mtu wa kukusemea kesho.

Sasa nageukia kitanda. Wewe uliyelala, usifurahi upesi. Sikia na fungu lako. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji ambao leo waitwa Almaty katika nchi ya Kazakhstan. Yalitangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutimiza utunzaji wa afya yao. Haki na wajibu, pamoja! Lakini wako wagonjwa walioshika neno la kwanza wakalitupa la pili.

Mwenye kifua kikuu kisicho sugu hunywa dawa miezi 6. Mwezi wa pili kikohozi chapungua; aona amepona; aficha vidonge chini ya mto. Mtunzaji akiuliza, yeye asema: «Nimemeza.» Huo si uhuru. Vijidudu vilivyobaki vyaweza kuzoea dawa, na atakayevivuta kwanza ni yule yule anayemletea uji. Meza dawa, funika kinywa ukikohoa, acha dirisha wazi, sema kweli. Naye mtunzaji avae mipira ya mikono penye damu, kwa kila mgonjwa, asingoje kujua nani ana nini. Hivyo siri itakaa, na mtunzaji atakaa salama.

Tena mheshimu anayekutunza. Usimtukane kwa kabila lake. Usimguse vibaya anapokuinua. Ukiahidi mshahara, lipa siku uliyoahidi. Amekuja kukuosha wewe, si kufua nguo za lupango lote. Nanyi jamaa, mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulala. Hesabuni wenyewe: mtunzaji mmoja atalala saa ngapi? Ndugu 6 wakimwachia dada mmoja kazi yote, wakisema «yeye ana moyo», wanamwibia usingizi wake.

Na hapa nasema kwa hasira. Mara nyingine mtunzaji huyo ni mtoto wa miaka 11 au 12, aliyetolewa shuleni amtunze bibi. Katiba, kifungu cha 43, yasema shule ya msingi ni ya lazima na ya bure. Bibi anastahili kutunzwa, hakuna shaka: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981 wataka kila mtu awaheshimu wazazi wake na kuwasaidia wakiwa na shida. Lakini bibi ni mzazi wa nani? Ni mzazi wenu, ninyi watu wazima. Deni hilo ni lenu, msimtwike mjukuu. Na bibi mwenyewe ana haki, naam, hata wajibu, wa kusema: «Mrudisheni mtoto shuleni, aje mmoja wenu.»

Basi tufanye nini? Tuanze na jambo dogo. Nunueni daftari moja. Yaandikwe humo majina ya dawa na saa zake, jina la kila aliyekuja, fedha iliyolipwa, zamu za usiku, na malalamiko ya pande zote mbili. Mwuguzi akija, alisome kwanza. Lakini lisitundikwe ukutani. Likae chini ya mto wa mgonjwa, maana ni lake, na asiyeruhusiwa naye asilifungue.

Kila mmoja wetu, asipokufa ghafula, huenda atalala siku moja kwenye kitanda hicho. Watoto wetu wanatutazama leo, nao wanajifunza. Basi uji ukiiva, upelekeni upesi, kama wazee walivyosema. Na mkifika nao, ulizeni.