Kompyuta ya pauni 45 na Jumamosi za Tanga

Jumamosi saa nane mchana kwetu hapa Uingereza, wakati huu wa baridi, ni saa kumi na moja jioni Tanga, na huo ndio wakati mwanangu mwenye miaka 12 anapokutana na mtoto wa mjomba wake. Hawakutani kwenye simu. Nikimpa simu asalimie, anasema "shikamoo", "nzuri", "ndiyo", kisha ananirudishia. Wanakutana ndani ya Minecraft, katika ulimwengu wao wenyewe, ambako wamejenga nyumba ya bibi yao, mwembe wake, na banda la kuku kubwa kuliko nyumba. Huko ndiko mwanangu anakosema Kiswahili saa mbili mfululizo bila kulazimishwa. "Usivunje hapo! Lete mawe! We, unaniibia!" Mimi niko jikoni nasikiliza, na sijapata kuona darasa la Kiswahili la bei nafuu kuliko hilo.

Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kuganda, kwangu halikuwa jambo la gemu tu. Jumamosi mbili mwenzake alichoka kusubiri akaenda kucheza mpira, ule wa kweli, uwanjani. Jumamosi ya tatu mwanangu hakuiwasha kabisa. Badala yake aliniletea picha ya kompyuta mpya ya gemu yenye taa za rangi. Bei, pauni 900.

Pauni 900 ni karibu shilingi milioni tatu za Tanzania. Wenzangu mnajua hesabu hiyo inavyozunguka kichwani: ada ya nani, dawa za nani, paa la nani. Nikamwambia nina pauni 150, na kwamba tutaitengeneza hii hii iliyopo. Alinitazama kama niliyemwambia ataanza kwenda shule kwa punda.

Iliyopo ni Dell OptiPlex 9020, ile ndefu ya kusimama, kompyuta nyeusi ya ofisini ambayo huenda umekaa mbele yake benki au hospitali bila kuijua jina. Niliinunua pauni 45 kwenye duka la vitu vilivyotumika. Ndani ina prosesa ya Intel Core i5-4590 ya mwaka 2014, RAM ya GB 8 katika vipande viwili vya GB 4, na diski ya kizamani inayozunguka. Kadi ya michoro haina. Picha zote hutengenezwa na prosesa yenyewe. Kama unayo HP au Lenovo ya ofisi ya umri huo, mengi nitakayosema yatakuhusu.

Kabla ya kununua chochote tulipima. Kazini hatumpi mtu dawa kwa sababu jirani yake ilimfaa, lakini kwenye kompyuta watu wazima na akili zao wanafanya hivyo kila siku. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, acha gemu liendelee, kisha tazama ni kipi kimefika asilimia 100. Kwetu diski ilikuwa 100 dakika nzima baada ya kuwasha, na RAM ilijaa kila mwanangu alipoacha kurasa za video wazi nyuma ya gemu. Prosesa ilikuwa na nafasi ya kupumua. Ndani ya Minecraft ya Java ukibonyeza F3 unaona pia idadi ya fremu kwa sekunde. Tulisoma 22, ikishuka hadi 9 alipokaribia lile banda la kuku.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi wanakiruka, cha intaneti. Picha ikiwa laini lakini mwenzako anarukaruka kutoka hapa hadi pale, tatizo ni mtandao, na hakuna kadi ya pauni 300 itakayolitibu. Jaribu kwanza waya kutoka kwenye ruta. Picha yote ikiganda, hata ukicheza peke yako, hapo ndipo useme ni mashine.

Kazi ya kwanza ilitugharimu pauni 9: kopo la hewa ya kupulizia vumbi na dawa ya kupoza prosesa. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika feni kwa kidole unapopuliza isizunguke ovyo. Lile sanduku la pawa saplai usilifungue hata likiwa na vumbi la Nuhu. Ndani yake mna umeme uliohifadhiwa hata baada ya kuchomoa. Tulipofungua feni ya prosesa, ile dawa ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo. Tukafuta, tukaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kelele iliyokuwa ikisikika hadi chumbani kwangu, nikiwa nimelala baada ya zamu ya usiku, ikaisha. Kwangu mimi ukarabati ungeweza kuishia hapo.

Halafu diski. SSD ya GB 480 kwa pauni 29, ile bapa ya inchi mbili na nusu, inachomekwa kwenye waya zilezile za diski ya zamani. Diski inayozunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya aina hii hufika 500. Ukiniuliza pauni 30 za kwanza uzitumie wapi, sitafikiri mara mbili. Mashine iliyokuwa ikituruhusu kuchemsha chai kabla ya kuwaka sasa inawaka kabla birika halijaanza kuimba. Diski ya zamani tuliiacha ndani kwa ajili ya picha za familia, lakini zile tusizotaka kuzipoteza tumezinakili pia kwingine, maana diski ya miaka kumi haidhaminiki.

RAM tulinunua vipande viwili vya GB 8, vilivyotumika, pauni 18 vyote. Mashine za kizazi hiki zinatumia DDR3, na DDR4 haiingii hata ukiisukuma, kwa hiyo soma maandishi kwenye kipande kabla ya kulipa. Nunua viwili vinavyofanana, kwa sababu vikikaa kwenye jozi sahihi ya nafasi vinafanya kazi kwa pamoja, na prosesa isiyo na kadi ya michoro inaufaidi sana mpango huo. Vile vya zamani vya GB 4 tulivitia kwenye bahasha. Nitavirudia.

Sasa kadi ya michoro, mahali nilipopoteza pesa.

Nilisoma usiku mmoja wakati wa mapumziko, nikaona kila mtu anaisifu GTX 1060. Nikaipata kwa muuzaji wa mtandaoni kwa pauni 55, nikajiona mjanja. Ilipofika mwanangu aliigeuza akauliza, "Mama, mbona ina soketi ya umeme juu? Sisi hatuna waya wa kuingia hapa." Kweli hatukuwa nao. Kadi hiyo inahitaji wati 120. Nafasi ya kadi kwenye kompyuta inatoa wati 75 tu, na zinazobaki lazima zitoke moja kwa moja kwenye pawa saplai kwa waya wake. Pawa saplai ya OptiPlex yetu ni ya wati 290 kwa mashine nzima, na waya huo haina.

Muuzaji, nilipomwandikia, akanishauri ninunue waya wa kubadilisha, pauni 4, unaochukua umeme kutoka kwenye waya wa diski. Nilikaribia kuununua. Bahati nzuri kaka yangu wa Tanga, baba wa yule mwenzake, ni fundi umeme, nami nikamtumia picha. Akanipigia hapohapo. "Dada, huo waya wa diski umetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye njia ya volti 12. Soketi hiyo ya kadi inaruhusiwa kuvuta 75. Utauchemsha, na mtoto yuko chumbani na mlango umefungwa." Nimeshawahuguza watu walioungua. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliiuza ile kadi kwa pauni 45, na pauni 10 zilizopotea nimeziita ada ya shule.

Pia usifikirie kubadilisha pawa saplai kirahisi kwenye mashine hizi. Kompyuta nyingi zina soketi ya pini 24 kwenye ubao mkuu. Hii ina ya pini 8 ya Dell wenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haikubali bila kiunganishi maalumu. Inawezekana, ila ukishafika huko bajeti inaanza kukukimbia.

Njia iliyotufaa ni kadi isiyovuka wati 75, isiyohitaji waya wowote wa ziada. Tulichagua GTX 1650 yenye GB 4, iliyotumika, pauni 68. Angalieni vizuri, kwa sababu kuna GTX 1650 nyingine ambazo watengenezaji wameziwekea soketi. Mwombe muuzaji picha ya upande wa juu. GTX 1050 Ti ni ya zamani zaidi na bei yake ni ya chini, nayo kwa kawaida inakaa ndani ya wati hizo. RX 6400 inatumia wati 53 tu na inavutia, lakini imeundwa kutumia njia nne tu za mawasiliano, na kwenye ubao wa zamani kama wetu inapoteza sehemu ya nguvu zake. Na kama kompyuta yako ni ile nyembamba inayolala chini ya skrini, kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata ufanyeje. Tafuta iliyotengenezwa fupi yenye bamba fupi la nyuma, na upime nafasi kwa rula kabla ya kulipa.

Baada ya hapo waya wa skrini uchomeke kwenye kadi mpya, siyo pale ulipokuwa. Tulikaa dakika ishirini tukilaumu kadi kabla ya kuliona hilo. Kisha F3: fremu 110 kwenye uwanja wazi, 70 mbele ya banda la kuku. Fortnite nayo inakwenda vizuri kwa mipangilio ya kati. Prosesa sijaigusa. i7-4790 inaingia kwenye soketi ileile na inaweza kubeba kazi nyingi zaidi kwa wakati mmoja, lakini vipimo havikuonyesha tunaihitaji.

Jambo moja linanikereketa. Mashine hii haikubaliwi rasmi na Windows 11, ambayo kwa Intel inataka takriban kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yetu ni kizazi cha 4. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha wanaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Tumejiandikisha. Baadaye nitaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na Minecraft ya Java inafanya kazi humo. Fortnite haifanyi, na habari hiyo bado sijaifikisha kwa mhusika. Kama gemu la mwanao ni hilo tu, lifikirie kabla hujatoa senti kwenye mashine ya umri huu.

Basi Jumamosi ikafika, kila kitu laini kama mafuta, na saa nane na robo nikasikia kilio kilekile: "Amekwama!" Safari hii aliyekwama alikuwa mwenzake. Yule mtoto alikuwa amesimama uso ukiangalia ukuta, haendi mbele wala nyuma. Miezi yote ile tulikuwa tunalaumu upande mmoja.

Kaka yangu alifungua mashine yao akanionyesha kwa video. HP ya mezani, RAM GB 4, diski inayozunguka, vumbi la Tanga lenye chumvi yake. RAM ilikuwa DDR3 ya vipande virefu vya kompyuta ya mezani, sawa na vilivyokuwa kwenye bahasha yangu. Ingekuwa laptopu visingeingia, vya laptopu ni vifupi. Nikaongeza SSD ya GB 240, pauni 19, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri, akaviweka kwenye mkoba wa mkononi pamoja na chokoleti za bibi.

Jumla ilikuwa pauni 153, pamoja na ile ada ya shule. Nimepitiliza kwa 3.

Kaka alivifunga Ijumaa usiku. Kesho yake mtoto alinipigia mwenyewe kabla hata ya saa yao kufika. Kumbe kwa muda wote ule, ili mashine yake isigande, alikuwa amepunguza umbali wa kuona hadi hatua chache tu mbele yake.

"Shangazi," akasema, "kumbe lile banda lina ghorofa?"