Majivu ya Jiko la Kuni: Fagio, Ndoo au Mashine?

Kazi ya kuzoa majivu jikoni huonekana kuwa ndogo mno kustahili kujadiliwa katika jarida la sayansi. Hata hivyo, katika shule ya bweni inayopika kwa kuni kazi hiyo hufanywa kila alfajiri kabla ya uji kubandikwa, na anayeifanya huinama uso wake ukiwa karibu kabisa na mlango wa jiko. Sasa umeme umekwisha kufika katika vijiji vya tambarare ya Moshi kama Chekereni, na mkuu wa shule aweza kudhani kuwa maendeleo ni kununua mashine ya kufyonza vumbi na kulitupa fagio la chelewa. Maoni yangu ni kwamba mashine ya kawaida isikaribie jiko la kuni hata kidogo, na kwamba fagio nalo halifai. Sababu zenyewe ni za fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzifuata.

Tuanze na moto. Kabla ya kiberiti kuenea, mama wa nyumba alilifukia kaa la moto chini ya majivu usiku, na asubuhi akalikuta hai. Majivu hayapitishi joto kwa urahisi, tena huiruhusu hewa kumfikia mlaji wake, yaani kaa, kidogo kidogo sana. Kwa hiyo kaa huungua polepole bila kuzimika. Rundo la majivu lililoonekana kuwa baridi juu laweza kuficha kaa hai kwa siku tatu au nne. Mashine ya kufyonza vumbi, tangu ile ya Mwingereza Hubert Cecil Booth ya mwaka 1901, hufanya kazi moja tu: huvuta hewa kwa nguvu na kuipitisha katika kichujio cha kitambaa au karatasi. Litie kaa hai ndani yake, nawe umelipatia kaa hilo hewa tele pamoja na karatasi ya kuwasha. Mhunzi wa Mamba, huko mlimani, angekitambua kifaa hicho mara moja: ni mvukuto. Tofauti ni kwamba mvukuto wa mhunzi umetengwa na moto, na huu umeuweka moto tumboni mwake.

Sababu ya pili ni vumbi lenyewe, na hapa yafaa tukae kidogo. Chembe inayoanguka katika hewa tulivu hufikia mwendo usiobadilika, na kwa chembe ndogo mwendo huo hufuata mraba wa kipenyo, kama ilivyoelezwa katika sheria ya Stokes. Tuchukue chembe ya jivu yenye kipenyo cha mikromita 50, ambayo jicho huiona kwa shida, na tukadirie kuwa uzito wake ni mara mbili ya ule wa maji ya ujazo uleule. Kutoka kimo cha mita moja na nusu, ambacho ni kimo cha pua ya mpishi aliyesimama, itafika sakafuni kwa sekunde 10 hivi. Chembe ya mikromita 2 itahitaji saa moja na dakika arobaini na zaidi. Ile ya mikromita 1 itahitaji karibu saa saba, hata kama hakuna mtu anayepita wala mlango unaofunguliwa. Mwalimu awape wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe. Wataona kwamba fagio huondoa zile chembe kubwa, ambazo hazina madhara makubwa, na kuzirusha hewani zile ndogo, ambazo ndizo hasa hupenya hadi ndani ya mapafu. Mpishi aliyefagia saa kumi na moja alfajiri bado anazivuta akipakua chakula cha mchana.

Mashine ya kawaida haimwokoi. Kichujio chake hukamata nyuzi na mchanga wa zulia, lakini chembe laini za jivu hupenya na kutoka upande wa pili pamoja na hewa ya moto ya mota, zikitawanywa chumba kizima. Zinazosalia huziba kichujio, mashine ikakosa nguvu, na mota ikapata joto.

Huko Ulaya na Marekani, ambako watu wengi huwasha majiko ya kuni sebuleni wakati wa baridi, hutengenezwa mashine maalumu za majivu. Pipa lake ni la chuma, bomba lake halishiki moto, na vichujio vyake ni viwili au zaidi. Vilivyo bora kabisa hukamata chembe 9,997 katika kila 10,000 za mikromita 0.3. Ni kifaa kizuri. Lakini hata hizo hazikukusudiwa kuzoa kaa hai, na majivu hutakiwa yawe yamepoa kwanza. Kwa jiko la sebuleni linalowashwa jioni tu, hilo lawezekana. Jiko la shule halipoi tangu muhula uanze hadi ufungwe. Kwa jiko hilo, fedha za mashine ni fedha zilizopotea.

Chekereni ina jambo lake la pekee. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliigeuza sehemu hii kuwa nchi ya mpunga. Penye mpunga pana maganda, ambayo wengi huyaita pumba, na penye uhaba wa kuni maganda hayo ni kuni. Kilo 100 za kuni kavu huacha kilo moja hivi ya majivu. Kilo 100 za maganda ya mpunga huacha karibu kilo 20. Tena majivu hayo ni ya namna nyingine: sehemu kubwa sana, yapata tisa kwa kumi, ni silika. Yakiungua kwa joto linalozidi nyuzi 700 hivi za Selsiasi, silika hiyo huanza kugeuka kuwa fuwele, na vumbi la silika ya fuwele ndilo linalowaletea wachimba migodi ugonjwa wa mapafu usiopona. Anayefagia majivu ya maganda yakiwa makavu, katika chumba kisicho na dirisha, anajitendea jambo ambalo mgodini lingekatazwa.

Basi tuchague nini? Sepetu yenye mpini mrefu, na ndoo mbili za bati zenye vifuniko vinavyobana. Majivu yachotwe taratibu, yasimwagwe kutoka juu, na ndoo ifunikwe papo hapo. Yakishapoa kiasi, yanyunyiziwe maji kidogo kwa mkono. Maji yakimwagwa kwa wingi juu ya majivu ya moto, mvuke utayarusha usoni. Ndoo ikae nje juu ya udongo au saruji kwa siku nne, mbali na nyasi na kuta za mbao, huku ya pili ikitumika. Isiwekwe stoo kamwe, kwa maana kaa lililofukiwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua. Mpishi apewe barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa, pamoja na glavu, kwa kuwa majivu ya kuni yaliyolowa ni alkali kali.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya muda, kwa sababu majiko ya kuni yanaondoka. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini lengo hilo likitimia kikamilifu, mtu mmoja katika kila watano atakuwa bado anazoa majivu, na ndoo mbili zaweza kununuliwa wiki hii.

Limebaki swali la mahali pa kuyatupa. Alkali hiyohiyo inayochoma ngozi hupunguza uchachu wa udongo, na majivu ya kuni yana potasiamu, ambayo mgomba huihitaji sana. Lakini baadhi ya mashamba ya Moshi ya chini tayari yana chumvi na magadi, na kuyamwagia majivu ya kuni ni kuyaongezea ugonjwa uleule. Mlimani, ambako mvua nyingi imeuchachusha udongo wa kihamba, yanahitajika. Lori linaloshuka na ndizi kwenda sokoni hupanda likiwa tupu.