Fedha za hewa ukaa zahitaji vijiji vilivyojipanga

SHERIA ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2023, inaagiza kwamba miradi ya hewa ukaa inayoendeshwa katika ardhi ya umma au ya jamii iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Swali ni nani atakayezipokea fedha hizo kwa niaba ya kijiji, na nani atakayeuliza zilivyotumika.

Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, jibu lilipatikana kabla ya sheria hiyo. Tangu 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni, kupitia shirika lao la Mikoko Pamoja, wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko na kuuza nje haki za hewa ukaa. Watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, huwapa ushauri, na shirika moja la hisani la Scotland huwatafutia wanunuzi. Matumizi, hata hivyo, huamuliwa na wanavijiji wenyewe. Waliamua kuleta maji na kununua vitabu vya shule. Walipanda pia mivinje, kwa kuwa anayekatazwa kukata mkoko bado ana nyumba ya kujenga na chungu cha kupika.

Fedha zenyewe, takriban dola 12,000 kwa mwaka hapo mwanzoni, hazingetosha kununua gari la afisa mkuu wa serikali. Lakini kila mkazi aliweza kuona bomba zilikokwenda.

Kaunti ya Isiolo inaonyesha upande wa pili. Huko, hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa iliingizwa katika mradi mkubwa wa hewa ukaa wa nyanda za malisho, uliopangwa kudumu miaka 30. Wakazi walikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi hiyo pamoja na ile ya Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, bila umma kushirikishwa ipasavyo. Neno "jamii" lilikuwamo katika jina. Wanajamii wenyewe ndio waliokosekana.

Makundi ya aina hiyo si machache nchini: yana cheti, muhuri na mwenyekiti, ila hayaitishi mkutano. Sheria ya 2023 inadai pia mkataba wa maendeleo ya jamii kwa kila mradi. Penye kundi la namna hiyo, mkataba huo utatiwa saini na mwenyekiti peke yake.